Ramani Tuliyochora Raila

Mvua ikinyesha kwetu, pale Kawangware inapopakana na Riruta, maji hayakai. Ardhi ya huku iko juu, udongo ni mwekundu, na siku hizi karibu wote umefunikwa kwa simiti na mabati. Maji yanaanguka, yanatafuta mtaro, yanatoka mtaro yanaingia kijito, na baada ya muda yako Kibera. Nilikuwa nimeishi huko juu miaka mingi bila kujiuliza yanakwenda wapi. Nilijua tu kwamba mvua ikikatika, baada ya nusu saa barabara yetu inapitika.

Nilipopata kazi ya kufundisha katika shule moja ndogo kijiji cha Raila, huko Kibera, shule ya mabati yenye madarasa manane na choo kimoja, ndipo nilipojua. Asubuhi moja, mwaka wangu wa kwanza, nilifika nikakuta nusu ya darasa hawapo. Nilitelemka hadi mtoni kuwatafuta. Nikakuta magodoro yameanikwa juu ya paa, watoto wangu wanachota tope milangoni kwa sufuria, na mama mmoja wa makamo, Mnubi, amesimama katikati yao na buibui lake amelikunja hadi magotini, anaelekeza nani achote wapi. Nyumba zile zilikuwa zake. Babu yake ndiye aliyepewa ile ardhi enzi za wazungu, baada ya kutumikia jeshi lao, na yeye alizaliwa pale pale.

Nilimpa pole, kisha nikasema, kama mtu anavyosema jambo la kupitisha wakati, kwamba hata kwetu jana ilinyesha sana kuanzia saa sita.

Alinigeukia. "Ilianza saa sita kwenu, na wewe una simu, na hukutuambia?"

Sikuwa namjua, wala yeye hakuwa ananijua, lakini niliona haya. Akanieleza kwamba maji ya huko juu hufika kwake baada ya saa moja na nusu, mbili, hata kama Kibera yenyewe kuna jua. Tangu siku hiyo nikawa na namba yake. Mvua kubwa ikianza kwetu nampigia, yeye anapita mlango kwa mlango akiwaambia wapangaji wainue vitu na watoke. Kwa miaka mitatu hivi, watu wa zile nyumba walipoteza sufuria, viatu, vitabu, kuku. Hakuna aliyepoteza mtu.

Hilo lilinipa kichwa kikubwa. Nilianza kujiona mimi ndiye ninayeujua ule mto.

Ramani tuliichora mwaka wa ukame. Mvua za mwisho wa mwaka hazikuwa zimenyesha, na zile zilizotangulia zilikuwa manyunyu tu. Mto ulikuwa mfereji mwembamba mweusi unaonuka, na vumbi liliingia darasani hadi ukiandika ubaoni chaki inateleza. Mtaala ulitaka watoto wa gredi ya sita wachore ramani ya eneo lao. Mimi nikasema hatutachora ramani ya kuonyesha kanisa liko wapi na duka liko wapi. Tutachora ramani ya maji. Nyumba ambazo mto huzifikia, nyekundu. Zile ambazo huweza kufikiwa mwaka mbaya, njano. Zile ambazo mto hauwezi kuzifikia hata ukifanya nini, kijani.

Kulikuwa na msichana mmoja darasani, wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alikuwa akiishi na mama yake tu, katika nyumba mojawapo za yule mama Mnubi, ya tatu kutoka ukingoni. Ndiye aliyefanya kazi kubwa ya ile ramani. Alihesabu hatua kutoka mtoni hadi kila mlango, akaandika nyuma ya daftari lake. Aliwauliza watu maji yaliwafika wapi, magotini au kiunoni, na mwaka gani. Wenzake walipochoka wakaanza kucheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, yeye alikuwa bado anapanda mteremko na rula mkononi.

Siku moja aliniita huko juu, upande wa kuelekea Laini Saba. Kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe wa ploti ya mtu, na chini ya ukuta huo safu ya nyumba za mabati zimeuegemea. Udongo wa pale ni mweusi, ule unaonata viatuni ukilowa na kupasuka ukikauka. Ulikuwa umepasuka vibaya. Alichuchumaa, akatumbukiza rula kwenye ufa mmoja uliopita sambamba na ukuta, na rula ikazama yote, sentimita thelathini.

"Madam, hii tunaiweka rangi gani?"

Nilimwambia ule ni ukame. Sisi tunafanya mafuriko. Asichanganye mambo.

Aliitoa rula, akaifuta kwenye sketi, akaandika kijani.

Tulipomaliza, nilibandika ile ramani kwenye ukuta wa darasa, karatasi nne za manila zimeunganishwa kwa gundi. Ilikuwa nzuri. Mkurugenzi wa shule, mwanamume mpole aliyependa sana wageni, alikuja kuitazama mara mbili. Akasema siku ya wazazi lazima niielezee.

Siku ya wazazi karibu wote waliokuja walikuwa akina mama. Waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Niliwaeleza jinsi ardhi inavyoinama kutoka kwetu hadi kwao, kwa nini maji ya Riruta ni matatizo ya Raila, kwa nini kiangazi kirefu kikifuatwa na mvua kali ardhi haiwezi kunywa yale maji. Walisikiliza vizuri. Hapo ningenyamaza. Lakini nikawaomba wazazi ambao nyumba zao ziko kwenye nyekundu wasimame.

Walisimama sita. Mama wa yule msichana alikuwa wa mwisho kusimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliyekaanga mandazi na kupika uji mlangoni pake, na alikuwa amekuja na aproni yake. Nilimuuliza, mbele ya wote, kwa nini bado anaishi pale.

Alisema amekaa pale miaka tisa. Mama mwenye nyumba huwaambia mapema. Na mto wenyewe una sauti, ukibadilika unasikia.

"Mama," nikamwambia, "siku utakayousikia, mtoto wako atakuwa ameshaenda nao."

Wengine waligunaguna, wawili watatu wakacheka kwa ile namna mtu anavyocheka akishukuru kwamba si yeye aliyesimamishwa. Nilimwona msichana dirishani, pamoja na watoto wengine waliokuwa wakichungulia. Aliinamisha uso. Mama yake aliendelea kusimama hadi nilipomwambia aketi.

Sikujuta. Nilienda nyumbani nikijiambia nimesema ukweli, na kwamba ukweli wakati mwingine unauma.

Baada ya mwezi walihama. Msichana ndiye aliyeniletea habari, asubuhi, kabla ya kengele. Alisema alimsumbua mama yake kila siku hadi akakubali. Wamepata chumba juu, chini ya ule ukuta wa mawe. Alikwenda mwenyewe kwenye ramani, akaonyesha kwa kidole.

"Sasa sisi ni kijani," akasema.

Niliwaambia watoto wampigie makofi. Kwa wiki kadhaa nilimtumia kama mfano. Niliwaambia wengine, mnaona mwenzenu, amesoma akatumia alichosoma, nyinyi mnangoja nini. Sikuuliza mambo mengine yamekuwaje. Huko juu kodi ilikuwa kubwa zaidi na hakuna nafasi ya kuweka jiko mlangoni, kwa hivyo mama aliacha mandazi akaanza kwenda kufua nguo kwa watu, upande wa majumba ya ghorofa, kutoka asubuhi hadi jioni. Haya niliyajua baadaye. Kule mtoni, mtoto alikuwa akitoka shule anamkuta mama mlangoni.

Yule mama Mnubi alinipigia simu siku moja, ingawa hakukuwa na mvua. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali, kisha akasema nimemtolea mpangaji. Nilianza kujitetea. Alinikatiza kwa upole. Alisema hana neno na mpangaji, vyumba vyake havikosi watu. "Lakini mto huu nimeujua tangu nikiwa msichana. Huo ukuta mimi siujui. Wewe unaujua?"

Nikamwambia ukuta ni wa mawe, haubebwi na maji.

Mvua ilipokuja, ilikuja yote pamoja. Mwezi wa nne ulianza na jua kali, kisha ikanyesha siku nne mfululizo, mchana na jioni. Kwetu juu, mitaro ilijaa ikafurika barabarani, na maji yakapita mbele ya mlango wangu yakiwa mekundu kama chai. Siku ya tano ilinyesha tangu alfajiri. Nilimpigia mama Mnubi kabla sijatoka nyumbani, nikampigia tena nilipofika shuleni. Aliniambia ameshaanza kuwatoa watu, na kwamba watoto wa huko niwakalishe shule, wasiteremke.

Ndivyo nilivyofanya. Niliwatenga watoto kwa rangi. Wa nyekundu na njano wakae, hakuna kutoka hadi mzazi aje mwenyewe. Kufika saa nane mchana paa lilikuwa linavuja sehemu nyingi, tukasukuma madawati upande mmoja, watoto wakabanana wakitetemeka. Mkurugenzi alikuja akasema darasa limejaa mno, na wale wa gredi za chini wanahitaji pahali pakavu. Akaniuliza kama kuna wanaoweza kwenda. Nikasema wa kijani wanaweza.

Walikuwa kumi na mmoja. Walifurahi, walivaa mifuko ya nailoni vichwani wakaondoka wakikimbia. Yule msichana alibaki mlangoni.

"Madam, naweza kukaa? Kwetu hakuna mtu. Mathe amekwenda kufua, anarudi jioni."

Nilikuwa nimechoka, viatu vyangu vimelowa, na kuna mtoto mdogo alikuwa ametapika karibu na ubao. Nilimtazama nikaona mtu mmoja zaidi wa kumtafutia nafasi.

"Wewe ndiye uliyechora hii ramani," nikamwambia. "Kwenu ni rangi gani?"

"Kijani."

"Basi enda."

Watoto wa nyekundu walicheka. Walikuwa na wivu kwamba yeye anatoka na wao wanabaki. Alifunga daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka chini ya sweta, akatoka.

Saa kumi kasoro mama Mnubi alipiga simu. Ilibidi niweke kidole kwenye sikio lingine kwa kelele za mabati. Mto umeingia, alisema, umefika madirishani, nyumba mbili za mwisho zimekwenda zote. Lakini watu wamo msikitini, amewahesabu mmoja mmoja, wametimia. Aliniambia, "Mungu akulipe." Niliwaambia watoto kwamba wazazi wao wote wako salama, wakapiga kelele ya furaha, na mimi nikaketi juu ya dawati nikalia kidogo. Nakumbuka raha niliyokuwa nayo. Ni raha ninayoiona aibu hadi leo, kwa sababu kwa hesabu yangu, wakati ule mtoto alikuwa tayari chini ya mawe.

Aliyeleta habari ni baba wa mwanafunzi mmoja, fundi wa mawe, aliyekuja kumchukua mtoto wake. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika akasema ukuta wa huko juu umeanguka. Hakujua mtoto wa nani yuko pale. Mimi nilijua.

Nilipanda ule mteremko nikishika kuta za nyumba ili nisiteleze. Ukuta ulikuwa umelala. Haukuwa umevunjika vipande vipande kama nilivyofikiria. Ulikuwa umeinama wote kwa pamoja, kipande kirefu kama basi, ukalala juu ya zile nyumba, na tope lililokuwa nyuma yake limeufuata. Watu walikuwa wanachimba kwa mikono, kwa karai, kwa vipande vya mabati. Vijana walikuwa wameingiza nondo chini ya mawe wanajaribu kuinua, wanahesabu moja mbili tatu, jiwe halisogei. Yule fundi alichimba pamoja nao. Alikuwa akizungumza bila kuacha kazi, kwa hasira, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Ukuta hauna tundu hata moja la kutolea maji. Maji yamejaa nyuma yake siku tano. Na msingi umewekwa juu ya udongo mweusi, udongo ambao kiangazi ulipasuka, mvua ukavimba, ukausukuma. Hata mtoto angeona, akasema.

Nikakumbuka rula.

Walimtoa kabla ya giza. Katika nyumba zile nne zilizoangukiwa, wengine walikuwa kazini au walitoka waliposikia mlio. Alikuwa peke yake. Walimfunika kwa blanketi la mtu, la kijivu, likalowa mara moja likamshika umbo lote. Daftari lilikuwa bado chini ya sweta, kwenye mfuko wake. Kijana mmoja alinikabidhi, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Mama yake alifika wakati huo. Mtu alikuwa amempigia simu. Alitoka kazini kama alivyokuwa, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni. Alifunua blanketi, akaangalia, akafunika. Kisha akaniona.

"Shule huwa inafungwa saa kumi," akasema. "Alitoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nani alimwambia atoke?"

Watu walikuwa wametuzunguka. Mvua ilikuwa imepungua, kila mtu alikuwa anasikia. Nilikuwa na daftari la mtoto wake mkononi. Nikasema, "Aliomba ruhusa. Alisema anataka kuja nyumbani."

Kisha akaniomba daftari, nikampa.

Kesho yake mkurugenzi aliniita ofisini. Alikuwa amesikia nilichosema. Aliniambia nimesema vizuri, kwamba shule ndogo kama yetu haiwezi kubeba jambo kama lile, na kwamba tusilizungumze tena. Alinipa chai. Niliinywa.

Mwenye ule ukuta hakuja. Alimtuma mtu aje kusema kwamba zile nyumba zilijengwa karibu mno, na kwamba watu walishawahi kuambiwa. Mafundi wake walianza kusimamisha ukuta mwingine siku ya tatu, maiti ikiwa bado mochari, na wale waliokuwa wanakwenda matangani walipita katikati ya lori za mawe. Ukuta mpya walijenga mrefu kuliko wa kwanza. Nilitazama kama wameacha matundu. Waliacha mawili.

Mtoto alizikwa kwao magharibi mwa nchi. Sikwenda. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha.

Wiki mbili baadaye walikuja wageni shuleni. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mwalimu ambaye kwa ramani ya watoto na simu moja aliwaokoa watu wote wa kando ya mto. Walikuja na kamera na biskuti. Mkurugenzi alikuwa amepaka mlango rangi. Niliwaeleza ile ramani, nyekundu, njano, kijani, kama nilivyowaeleza wazazi, nao wakaandika, wakatikisa vichwa, wakaniuliza kama wanaweza kuiga mfano huo sehemu nyingine. Nikasema wanaweza. Mmoja wa wageni aligusa pale chini ya ukuta, pahali penye kijani safi kilichopakwa kwa uangalifu kuliko sehemu zote, akasema watoto wamefanya kazi nadhifu.

Mvulana mmoja aliinua mkono. "Madam, hapo tubadilishe rangi?"

Nikamwambia tutazungumza wageni wakienda. Wageni walipokwenda niligawa biskuti, na hakuna aliyeuliza tena.

Baada ya mazishi, mama wa mtoto alirudi Nairobi. Nilisikia kwamba amekwenda moja kwa moja kwa mama Mnubi, na kwamba mama Mnubi alikuwa amejenga upya zile nyumba mbili za mwisho, akampa chumba. Alikuwa amerudi kwenye nyekundu, karibu na maji kuliko alivyokuwa mara ya kwanza. Anakaanga mandazi tena. Watoto wangu walikuwa wanayanunua asubuhi wanakuja nayo darasani, na harufu ile ya iliki ikawa inaingia darasani kila siku nami nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Nilikaa na ule uongo miezi saba. Sitasema ulinikosesha usingizi, kwa sababu nililala. Nilikula, nilifundisha, nilikwenda kanisani. Kilichonipeleka mtoni mwishowe ni kitu kidogo. Watoto wa gredi ya tano walikuwa wanagombana, na mmoja akamwambia mwenzake, "Basi enda," kwa sauti yangu. Alikuwa ananiiga. Wenzake walicheka kwa sababu aliniiga sawasawa. Nikajua ule ulikuwa umeshakuwa mchezo wao, kwamba walikuwa wanauigiza nje siku zote, na mimi ndiye peke yangu niliyedhani hakuna anayekumbuka.

Nilitelemka siku hiyo hiyo baada ya masomo. Mama wa yule msichana alikuwa ameketi mlangoni pake na kibao cha kusukumia magotini. Mama Mnubi alikuwa ameketi karibu, anachambua mchele. Nilisalimia. Mama Mnubi aliitikia, kisha akabeba ungo wake akaingia ndani bila kuambiwa.

Nilisema nikiwa nimesimama, maana sikukaribishwa kuketi. Nilimwambia kwamba mtoto hakuomba ruhusa. Aliomba kubaki. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia na habari za rula, na ule ufa, na jinsi alivyoniuliza rangi gani nami nikamwambia asichanganye mambo. Nilisema yote.

Aliendelea kukata unga pembe tatu tatu. Akatupa vipande kwenye mafuta, akavigeuza, akavitoa.

"Nilijua," akasema. "Watoto wenzake walikuja matangani wakaniambia. Siku ya pili tu. Nikangoja nione kama utakuja."

Nikasema samahani. Lilitoka neno dogo sana.

"Ukuta si wewe uliyejenga. Hiyo najua," akasema. "Ulinisimamisha mbele ya watu, nikahama. Hiyo pia nilijiambia ni sawa, mwalimu amesoma. Ukamwambia aende, akaenda. Hata hapo ningesema, mvua ilikuwa nyingi, mtu hukosea. Lakini nilikuuliza akiwa hapo chini amefunikwa, bado hajapoa. Ukasema ni yeye. Ukamwekelea mtoto."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Miezi saba nimekuwa nikimkasirikia, unajua? Watoto waliniambia, na bado kuna siku nilikuwa nauliza, mbona uliomba ruhusa? Mbona hukukaa tu shule?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Usikuje hapa tena."

Niliondoka. Sijarudi mlangoni pake tangu siku hiyo, na tukikutana njiani yeye ndiye anayepita upande wa pili. Mvua ikinyesha kwetu bado nampigia mama Mnubi, naye anasema sawa, amesikia, na anakata. Zamani alikuwa ananiuliza hali.

Ile ramani ilichanika yenyewe, unyevu uliingia kwenye gundi. Mkurugenzi aliniomba nichore nyingine na darasa jipya kwa sababu wageni bado huulizia. Nilimwambia mtaala umebadilika. Ni uongo mwingine, lakini huu haukumdhuru mtu.

Mwaka huu, mawingu yalipoanza kukusanyika, mzazi mmoja alinisubiri langoni. Ni baba kijana, mwenye watoto wawili shuleni kwetu, anaishi karibu na daraja. Alikuwa amepata kazi nzuri kidogo na alitaka kuhamisha familia kabla mvua haijashika. Kuna vyumba vitatu ameviona, kimoja juu karibu na reli, kingine nyuma ya ghorofa inayojengwa, kingine huko kwetu Kawangware, bondeni. Alisema ameambiwa mimi ndiye ninayejua mambo ya ardhi na mvua. Alitaka tu nimwambie ni wapi ambapo si hatari.

Nilimuuliza maswali. Udongo ni wa aina gani, nyuma ya nyumba kuna nini, maji ya paa la jirani yanakwenda wapi. Akasema hakuwa ameangalia hayo. Nikamwambia aende akaangalie mvua ikiwa inanyesha, asiangalie wakati wa jua. Akasema mvua ikishanyesha vyumba vitakuwa vimechukuliwa. Kisha akauliza tena, kati ya vile vitatu, ni kipi.

Nikamwambia sijui.

Alicheka kidogo, akadhani namtania. Alipoona sicheki, uso wake ulibadilika. "Lakini si wewe ni mwalimu?" akasema.

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama mara moja zaidi, akawashika watoto wake mikono, akaondoka nao.